Majibu Yaliyofungwa

Kazini wote walimwita Shangazi, hata meneja aliyemzidi umri. Ndiye aliyeandika programu ya maabara ya hospitali, ile inayopokea majibu ya vipimo vya damu na kuwapelekea madaktari, naye aliipenda waziwazi kama kifungua mimba wake. Sasa programu hiyo ilikuwa imempa mtoto mchanga majibu ya mzee wa wodi nyingine. Bahati nzuri, nesi alikuwa macho. Meneja hakupindisha maneno: kosa lisipoondoka wiki hii, programu inazimwa kabisa.

Shangazi aliumiza kichwa mpaka akalikamata. Sehemu moja ya programu ilikuwa ikiyapanga majibu upya, ya dharura yatangulie, huku nyingine bado inayasoma. Ikishasoma jina, jibu limeshahama, na jina linapewa jibu la mwingine.

Meza ya pili alikaa mkwewe, mume wa bintiye, mpenzi wa lugha zile za ajabu za kuandikia programu, ambamo kilichokwisha kuandikwa hakibadilishwi, hutengenezwa kipya. Wa kwanza kumcheka siku zote alikuwa Shangazi.

"Samahani, mama," alisema mkwe kwa adabu zote, "usiyapange yaleyale. Yafunge yasibadilike. Anayetaka mpangilio wake apewe nakala yake."

"Niandike yote upya kwa lugha yenu ya maprofesa? Thubutu!"

"Hapana, mama. Kwa hiihii yako. Mambo ya lugha zetu, walioiunda yako wameshayaingiza humo. Hata huu mstari wako wa kuchuja majibu umetoka hukohuko."

Shangazi akautazama mstari ule. Mistari ya namna hiyo aliiandika kila siku, akidhani imezaliwa na lugha yake. Kumbe kuna watu asiowajua hata kwa sura, waliokaa wakawaza namna ya kukokotoa bila kuharibu kitu, wakachekwa na watu kama yeye, na mawazo yao yakapenya kimyakimya mpaka mezani kwake. 

Akayafunga majibu, kila sehemu akaipa nakala yake. Kisha, kwa makusudi, akajaribu kulibadilisha jibu la yule mtoto. Programu ikagoma. Akaijia kwa ujanja wote anaoujua. Ikagoma.

"Mkwe, njoo uone," alinong'ona. "Inanikatalia hata mimi niliyeizaa!"

Meneja naye akaja, akakaa, akajaribu, akashindwa.

"Basi isizimwe," alisema.

Shangazi hakumsikia. Alikuwa bado anaitazama skrini, machozi yakimtoka, wala haoni haya.