Kicheko cha Upande wa Pili wa Ukuta

Baba alikuja kuishi nami mjini Garland, huku ughaibuni, mwaka mmoja baada ya kumzika mama. Nilikuwa na fleti ya vyumba viwili, kuta nyembamba kama kadibodi, na kazi ya kuhudumia wagonjwa hospitalini iliyonitoa nyumbani alfajiri. Kutwa nzima mzee alibaki peke yake. Mtu aliyezoea kusalimiwa na mtaa mzima kule Morogoro, sasa alikaa dirishani akitazama magari yaliyoegeshwa. Iliniuma, na nilijua wazi kwamba asipopata mtu wa kuzungumza naye, atarudi.

Kilichomshika ni televisheni. Saa kumi na mbili jioni stesheni moja ilikuwa ikirudia kichekesho cha zamani cha kinyozi wa Kizungu ambaye mtaa wake ulikuwa unahamiwa na Weusi, Wameksiko na watu wa kila namna. Kinyozi huyo alikuwa na mdomo mchafu. Kila siku alimkataa mtu mlangoni, mkewe na bintiye wakamsuta, na kabla ya nusu saa kwisha ameshaona aibu na kumkaribisha mtu kitini. Mimi kilinikera. Eti chuki ya miaka nenda miaka rudi inaisha kati ya matangazo mawili ya sabuni! Ila kilithubutu kuyasema waziwazi maneno ambayo hospitalini kwetu watu waliyameza wakiniona naingia.

Fleti iliyopakana na yetu alikaa mzee wa Kizungu, rika la baba, peke yake. Hakuwahi kuitikia salamu zetu. Naye alitazama kipindi kile kile, na tulimsikia ukutani akicheka hadi akakohoa. Baba akafurahi.

"Unamsikia? Anamcheka yule mjinga. Mtu anayecheka ubaguzi hawezi kuwa mbaguzi. Hana mwenzake tu, kama mimi."

"Baba, hapa huwezi ku-visit mtu hivihivi. Lazima u-call kwanza."

"Nimpigie simu, naye yuko hapo ukutani?"

Kwetu, televisheni zilipoingia, nyumba iliyokuwa nayo ilikuwa ya mtaa mzima. Ulibeba kigoda chako, ukapiga hodi, ukaketi. Hukungoja mwaliko, kutokwenda ndiko kulikozua maneno. Basi Ijumaa moja, mimi nikiwa jikoni, baba akavaa koti lake, akachukua kiti cha kukunja, akatoka. Nilipomfikia alikuwa ameshabisha.

Mlango ulifunguka kwa kadiri mnyororo ulivyoruhusu. Baba akamwamkia, akamwonyesha kiti, akasema kwa Kiingereza chake cha ukarani wa reli kwamba amekuja watazame pamoja. Yule mzee akamtazama, akakitazama na kiti. Kisha akamjibu kwa tusi lile lile la kinyozi, lile wanalotukaniwa watu weusi, na kuongeza kwamba kinyozi ndiye mtu pekee kwenye televisheni anayesema kweli, ila kila mwisho wa kipindi wanamharibu. Nyuma yake, ndani, watazamaji wa kwenye televisheni wakaangua kicheko. Mlango ukafungwa.

Nilitaka kuupiga mateke. Baba akanishika mkono, akakichukua kiti chake, tukarudi. Aliketi bila kuvua koti.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi bintiye siku zote, "kumbe tulikuwa tukicheka pamoja, yeye akitucheka sisi."

Nikamwambia waliotengeneza kile kichekesho walikuwa na nia njema. Naamini hivyo hadi leo. Walitaka mtu ajione na aone haya. Lakini aliyejifungia peke yake anachagua mwenyewe wa kumcheka, na hakuna wa kumwambia kwamba amekosea.

Baba hakuiwasha tena televisheni. Chakula akawa anakidonoa tu. Baada ya muda akaomba tiketi. Nilimbembeleza, nikaahidi tutahamia mji wa jirani, Carrollton, karibu na watu wa kwetu, akatikisa kichwa. Nikampeleka uwanja wa ndege nikiwa na hasira na huzuni.

Kwenye lango la abiria akaniwekea mkono begani.

"Mimi naenda kwa watu, mama. Wewe nakuacha kwa nani?"

Nilitafuta jirani hata mmoja wa kumtajia, nikamkosa.