Maji ya Punda

Juzi binti yangu alikuwa amejilaza mkekani, anacheza mchezo kwenye simu. Alikuwa akimzoesha farasi wa porini: anampa karoti, anampanda, anarushwa chini, anapanda tena. Mwishowe mioyo midogo myekundu ikaelea juu ya kichwa cha farasi.

"Ameshanizoea, mama," akasema.

Nikakumbuka alasiri moja kwetu Kinango, baba alipotoka soko la mifugo na punda ambaye hajawahi kubeba kitu. Bwawa la karibu lilikuwa limekauka, na la pili lilikuwa mbali mno kwa mama kubeba maji kichwani. Baba alijaza mchanga kwenye mitungi ya plastiki, akaifunga mgongoni mwa punda. Mimi nikaangua kilio, nikidhani mchanga huo ndio tutakaokunywa. Sikujua kwamba punda mgeni huangusha mzigo, na mchanga ukimwagika si hasara.

Aliuangusha, tena na tena. Ua mzima ulinuka vumbi na jasho lake. Baba hakumpiga. Alimimina maji yetu ya mwisho kwenye karai, akamwekea.

"Na watoto?" mama aliuliza.

"Asipokunywa huyu leo, kesho hanywi mtu."

Punda alikunywa kwa kelele, kisha akatulia, akakubali mitungi. Baba akainua karai, akanywa matone yaliyobaki. Nilidhani anamwonyesha punda kwamba sasa wao ni ndugu.

Leo najua alikuwa na kiu.