Macho ya Kocha wa Judo

Kocha wa judo hakuwa mama wa kubembelezwa. Kutwa alikuwa akiangusha watu na kuangushwa, miwani kaiacha dirishani, na aliyesimama upande wa pili wa mkeka alimtambua kwa kishindo chake tu. Aliposema anakwenda kurekebishwa macho kwa leza, wa kwanza kufurahi alikuwa mdogo wake, msusi.

Yeye msusi alikuwa amefanyiwa kwa kifuniko: konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, hukatwa utando mwembamba, ukafunuliwa, leza ikapita chini yake, kisha ukarudishwa. Kesho yake alishinda akisoma mabango ya barabarani kwa sauti mpaka watu wakamchoka. Na dada yake afanye hivyohivyo, basi.

Daktari hakumficha kocha kitu. Utando ule ukipigwa kiwiko, hata miaka ikipita, unaweza kuhama. Kuna njia ya tundu dogo isiyo na kifuniko, ila kwa konea nyembamba kama yake hakuishauri. Iliyobaki ni kukwangua ngozi ya juu kabisa, leza ikapita, na ngozi ikaota upya yenyewe. Inauma, na ukungu hukawia kuondoka.

"Nitarudi mkekani?" kocha aliuliza. Hilo ndilo lililomkaa rohoni, kwa sababu binti yake hakuwa na mwalimu mwingine.

"Ukishapona, utarudi."

Akachagua maumivu. Aliyapata ya kutosha, na ukungu ulipokawia, msusi hakuchoka kumkumbusha nani alimwambia nini. Kocha aliendelea kutia dawa zake, tone kwa tone.

Daktari alipomruhusu kurudi mkekani, ukungu ulikuwa umekwisha. Binti ndiye aliyekuwa tatizo: alimshika mama yake kama anashika yai. Kocha akachukia, akamwangusha mara mbili mfululizo bila huruma. Binti naye akapandwa na hasira, akajipindua, na kiwiko kikatua sawasawa jichoni mwa mama.

Kocha aliinama, akapepesa. Machozi yakamtoka, yakakauka. Alipoinua kichwa, binti alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, machozi yakimlengalenga, hajatoa hata sauti. Zamani asingejua kama kuna mtu pale.

"Nakuona," kocha alisema. "Mpaka midomo inavyokutetemeka naiona. Futa machozi, mwanangu, uje unishike vizuri."