Kondomu za Kwenye Dashibodi

Judy alikuwa ameapa kwamba mtoto wa pili hatakuja mpaka Ekai ajue kukimbia. Si ubishi. Ekai alizaliwa kwa upasuaji, miezi minane tu iliyopita, na daktari alimwambia Judy wazi kwamba akipata mimba tena kabla ya miaka miwili, ule mshono unaweza kumletea hatari. Kwa hivyo alfajiri hiyo, nyumbani kwao mtaa wa Chechelesi, mjini Isiolo, kondomu ilipopasuka, aliketi wima kitandani kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Baba Ekai! Imekatika!"

"Nini imekatika?"

"Unafikiri ni kamba ya mbuzi? Angalia!"

Ekuam, mumewe, akawasha tochi ya simu, akaangalia, akaizima haraka. Huyu ni dereva wa lori la kwenda Merti, mtu wa maneno mengi.

Ilipofika saa moja na nusu lori lilikuwa mlangoni, limejaa unga na sukari, na juu ya magunia abiria sita wamejifunga leso usoni tayari kwa vumbi. Ekuam akienda Merti hangerudi mpaka siku ya tatu. Judy alikuwa amesikia kwamba iko tembe ya dharura ya kuzuia mimba, na kwamba haingoji mtu. Akamfunga Ekai mgongoni, akapanda kwa kebini, akakaa.

"Unaenda Merti?" Ekuam akauliza.

"Naenda kliniki. Na ni wewe unanipeleka."

Basi lori likageuzwa. Huko juu abiria wakaanza kupiga mbao kwa viganja. Abiba, mama mmoja Mborana anayeuza nguo Merti, akainama mpaka kilemba chake kikatokea dirishani.

"Dereva, salaam aleikum! Merti imehama?"

"Aleikum salaam, mama. Mke wangu ana shida kidogo."

"Kama ni shida, kanyaga mafuta! Nguo zangu haziozi."

Ekuam akakanyaga. Magunia yakaruka kwenye matuta, kuku wakatawanyika, akina mama huko juu wakashangilia kana kwamba ni mashindano. Judy, pamoja na hofu yake, kicheko kikamponyoka. Ni mgonjwa gani mwingine Isiolo hii amepelekwa kliniki na tani kumi za unga?

Nesi wa kliniki, Gacheri, ndiyo kwanza alikuwa anafungua mlango. Judy alipomnong'oneza yaliyotokea, hakuuliza mengi.

"Ilitokea saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, sista."

"Mmefanya vizuri kuwahi. Hii tembe unameza ndani ya siku tatu, na mapema ndio bora. Haizuii kila mimba, lakini inapunguza sana. Mtoto endelea kumnyonyesha."

Judy akaimeza hapo hapo.

"Sasa niambieni," Gacheri akasema, "hizo kondomu mnaweka wapi?"

Ekuam akatoa kifua. "Mahali salama kabisa, sista. Juu ya dashibodi ya lori. Leseni iko hapo, dawa ya mbuzi iko hapo. Mwizi hafiki."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi kianze."

"Lete nione."

Akakimbia, akaleta pakiti. Gacheri akafungua moja, akaivuta kwa vidole. Ikakatika kama ganda la kitunguu. Ya pili vile vile.

"Injini chini, jua juu, Isiolo mpaka Merti, miezi yote hiyo. Umezipika, baba."

"Umezipika!" Judy akampiga bega, akacheka mpaka machozi. "Na chai hujawahi kunipikia!"

Gacheri naye akacheka, kisha akavuta kiti karibu. "Lakini sikia, mama. Hata zikiwekwa vizuri kwa kivuli, wanawake mia wakizitegemea mwaka mzima, vile watu wanazitumia kawaida, kama kumi na tatu wanapata mimba. Mwingine anavaa akichelewa, mwingine anapaka mafuta, mwingine anasema leo basi. Usiziache, zinakinga magonjwa. Lakini wewe mwenye mshono, ongeza kitu kingine. Kuna kijiti cha kuzuia mimba, kinawekwa mkononi, kinakaa miaka."

Judy akautazama mkono wake. Sindano anaziogopa kuliko nyoka. "Nitafikiria," akasema.

"Fikiria. Na baada ya wiki tatu, uje tupime."

Wiki tatu hizo zilikuwa ndefu! Asubuhi Judy akisikia kichefuchefu, anahesabu siku. Akitamani ndimu, anahesabu tena. Ekuam alipiga simu kutoka kila mahali penye mtandao, hata kijijini Korbesa, kuuliza swali moja tu: "Bado?"

Siku ya kupima Ekuam aliomba ruhusa kazini, wakaenda pamoja. Kipimo kikawekwa mezani. Wote watatu wakakiinamia, na Ekai akanyoosha mkono akitaka kukila.

"Mstari mmoja," Gacheri akasema.

"Mmoja?" Ekuam akashika kichwa. "Yaani ni mmoja, si mapacha?"

"Hakuna mtu tumboni, Baba Ekai! Hakuna!" Judy akaruka, akamkumbatia Gacheri na glavu zake, akamkumbatia mumewe, akazunguka chumba na mtoto huku akipiga vigelegele, wagonjwa walio nje wakaitikia bila kujua wanashangilia nini.

Alipomaliza kuzunguka, alikaa kitini akihema, akampa Ekuam mtoto. Kisha akakunja mkono wa gauni mpaka begani.

"Sista, hicho kijiti. Weka leo, kabla sijaogopa tena."

Gacheri akaandaa sindano ya ganzi. Judy akaitazama moja kwa moja, macho wazi. Ekuam ndiye aliyegeuka ukutani, na huko ukutani akabaki mpaka bendeji ilipofungwa.