Duara la Kofia ya Baba

Mama alifariki akiwa ameshamaliza ukanda wa kofia ya baba, ule unaozunguka kichwa; duara la juu hakuwahi kulianza. Kofia zetu za mkono hushonwa vipande viwili mbalimbali, tundu moja moja, kwa miezi, ndipo viunganishwe. Sindano yake ilibaki imechomekwa kwenye ukanda, na uzi ndani. Nikaukunja ukanda huo, nikautia kabatini kwangu, nikafunga kwa ufunguo.

Mwaka wa pili baba aliniita barazani, nyumbani kwetu mtaa wa Malindi.

"Nataka kuoa, mwanangu. Yule Bi wa duka la nyuzi, Mlandege. Lakini ukinambia hapana, sioi."

Nilimjua. Mjane, mpole, na mama mwenyewe alikuwa mteja wake. Ningempenda, lau asingetajwa pale barazani.

"Hakuna wa kushika pahala pa mama," nilisema.

"Haya," akajibu baba, akanyanyuka kwenda kusali. Hakulitaja tena. Alianza kula wima jikoni, sufuria mkononi, nami nikajidai sioni. Nina kichwa kigumu, na nimekirithi kwake.

Mimi nafundisha hisabati chuoni. Wiki ile somo lilikuwa vijalizo, yaani sehemu inayoikamilisha nyingine bila kuingiliana nayo. Chukueni uwanda mzima, niliwaambia wanafunzi, na nukta moja ndani yake. Kijalizo cha nukta hiyo ni mstari usiopita juu yake: havina vinachoshirikiana, na vikiungana vinazaa uwanda wote. Kisha nikawapa mfano wa pili, hesabu ya saa yenye namba nne, sifuri hadi tatu, ukizidi unarudi mwanzo. Humo sehemu yenye sifuri na mbili haina kijalizo kabisa. Itafutie mwenzake, chukua moja. Moja na moja, umeshaangukia mbili ile ile. Chukua tatu, mambo ni yale yale. Niliyasema hayo kwa furaha ya kishari. Baba yangu, nilijiambia, ni sehemu ile: hakuna tena wa kumkamilisha.

Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kule kwenye uwanda mistari isiyopita kwenye nukta ni mingi. Kijalizo chenyewe ni kipi?"

"Yote. Kila mmoja ni kijalizo kamili."

"Na ukishachukua mmoja, ile mingine?"

"Haipungukiwi kitu. Inabaki vijalizo kama ilivyokuwa."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe: akija mwingine, mama hapungukiwi kitu. Niligeukia ubao nikawa nafuta pasipoandikwa kitu, maana macho yalishajaa machozi na sikutaka wanione.

Alasiri nilikwenda Mlandege na ule ukanda mkobani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Niliuweka mbele yake, nikamwambia kofia ya baba haina duara. Aliupapasa taratibu. Uzi aliutambua, ulitoka dukani kwake. Hakuuliza habari ya ndoa, wala mimi sikuisema. Sote wawili tulijua nimekuja na jibu gani. Vidole vyake vilipofika kwenye sindano vikasita.

"Hii ya mama yako. Nkurejeshee?"

Nilitikisa kichwa.

"Uzi wake bado mrefu," nilisema. "Endelea nao, mama."

Tangu siku ya mazishi sikuwa nimemwita mtu hivyo.