Nilivyolipiga Tufe Letu Wenyewe

Mpaka leo nikipita Mwera najifunika mtandio usoni kama mwizi wa kuku, na hasira zinanipanda upya, sijui nimkasirikie nani zaidi, mume wangu, wifi yangu Tatu au mie mwenyewe (mie naongoza).

Hapa Pangani tuna ligi yetu ya kirafiki ya boche, mchezo aliotuachia mzungu mmoja aliyekuwa jirani yetu. Si mgumu: mnarusha kitufe kidogo mbele, kisha kila timu inaviringisha matufe yake makubwa, tufe lililokaa karibu zaidi na kile kidogo ndilo lenye pointi, na ukitaka waruhusiwa kuligonga la mwenzio likaondoka. Siku hiyo tulicheza na Mwera, na wifi Tatu, dada wa mume wangu, aliolewa huko na ndiko anakochezea. Basi asubuhi nikaiacha miwani nyumbani makusudi, maana Tatu akiniona nayo huniita bibi kizee, nikasema leo hanipati.

Tukafika pointi sawa, limebaki tufe moja tu, langu. Matufe yetu buluu, yao meusi. Nikakodoa macho, nikaona tufe jeusi limekigandia kile kitufe kabisa. Kapteni wetu, Shabani fundi cherehani, akaniambia, "Shangazi, lirushe kando huko, usiguse kitu!" Nikamwona mwoga. Nikalivurumisha kwa nguvu zote, pwaa, lile jeusi likaruka mpaka nje ya uwanja, nami nikapiga vigelegele na kukata kiuno (kwa umri huu!) kabla sijang'amua kuwa wanaoshangilia ni watu wa Mwera.

Tatu alicheka mpaka akakaa chini. "Ahsante wifi, umetushindia!"

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikamfokea kwamba kabadilisha matufe, na ulimi ulipopata mteremko haukushikika tena: "Mwizi wewe! Umeanza na kabati la marehemu mama yenu, ukalibeba hata tanga halijaanuliwa!"

Shabani akaenda kuliokota lile tufe, akaniletea mpaka puani. Buluu. Letu.

"Mama Omari," mume wangu akasema kwa sauti ya chini, "panda pikipiki twende."

Tulipofika nyumbani ndipo akasema, "Kabati nilimpa mie. Mama aliusia."

"Na miaka yote hii mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuwa wanuna tu."

Nyie, nilitamani kumrushia sufuria, lakini nani angesikiliza kesi yangu?

Kesho yake nikaenda Mwera na visheti vyangu kwenye kikapu. Tatu akanikaribisha vizuri, akanimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimekusikia, wifi. Lakini ulinitukana uwanjani, basi na radhi niombe uwanjani, watu wasikie."

Chai ile niliinywa kama shubiri. Ningekataa, ila mume wangu alishaacha kula mezani na mie, na Tatu ndiye dada yake pekee aliyebaki. Basi siku ya marudiano nikasimama katikati ya uwanja, Mwera upande huu, Pangani upande ule, mume wangu kainama ajifanya afunga kamba za viatu, nikasema, "Wifi Tatu si mwizi. Kabati ni lake."

"Sauti, wifi!" akaitikia Tatu. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia kwa kelele, na watu wakapiga makofi kama wako harusini. Tangu hapo ghadhabu ikinipanda nauma ulimi hata nionje damu, maana naapa, damu ni tamu kuliko kusema "kabati ni lake" mara mbili mbele ya nusu ya wilaya.