Zamu Yangu ya Upatu

Iko siku moja ambayo siisahau, mwanangu, ingawa siku hizi hata majina ya wajukuu nayachanganya. Ilikuwa siku ya mshahara wa watu wa reli hapa Tabora, zama za Mwingereza, na ilikuwa zamu yangu ya kupokea upatu.

Tulikuwa wanawake wa Kanyenye, wengi wetu wake za mafundi wa karakana ya reli. Tuliuza maandazi, tuliuza mchele, na kila mwezi kila mmoja alitoa chake, wote tukampa mwenye zamu. Waume wengi hawakujua. Kijumbe wetu, aliyekusanya na kukabidhi, alikuwa Bi Nyamizi, ajuza aliyekwenda Pwani kwa miguu na msafara wakati wa usichana wake, mzigo kichwani. Fedha ya kuwekwa hakuiamini. Zile hela za shaba za Mdachi alizozifukia chini ya kitanda, Mwingereza alipoingia hazikununua hata chumvi, akazitoboa akamtungia mjukuu wake mkufu.

Mimi fedha ile nilikuwa na kazi nayo. Mdogo wangu Kabula aliolewa Tura, kule kwenye kituo cha reli upande wa mashariki, na mtu mwepesi wa kupiga. Baba yetu alikwisha kufa, na mahari alikwisha kuila. Mume mwenyewe alikuwa ameshasema: rudisheni changu, mchukueni wenu. Upatu ule ungetosha. Nilikuwa nimekwisha kumpelekea Kabula salamu kwa mtu wa treni, ajiandae.

Basi tumekaa uani kwa Bi Nyamizi, akaja Bwana Petro, mnyapara wa karakana na mzee wa kanisa. Mtu mwema yule, sitamsingizia kaburini. Akatueleza habari za benki iliyofunguliwa mtaa wa maduka ya Wahindi. Fedha ikikaa mle mwaka mzima, alisema, inazaa. Kundi la wanawake hawatalifungulia kitabu, lakini yeye ana kazi ya kudumu na wanamjua, atatuwekea kwa jina lake. Tuache kupokezana, tuiache ikue, mwakani kila mtu apate chake na nyongeza juu.

"Upatu hauwekwi, wanangu," Bi Nyamizi alisema. "Upatu unapokezanwa. Safarini posho iligawiwa mchana, kila mtu akiona, maana hujui kesho nani atazikwa njiani."

Na mimi, mwanangu, mimi mwenye zamu, ndiye niliyemjibu. "Bibi, misafara imekwisha. Siku hizi kuna treni."

Wenzangu wakacheka, nikacheka nao. Niliona fahari kuwa mtu wa benki. Nikajiambia nyongeza ile itamnunulia Kabula cherehani, asije akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka ni kitu gani? Aliyejua mwaka ni kitu gani alikuwa Tura, na hakuna aliyemuuliza.

Bi Nyamizi alinitazama mimi peke yangu. "Zamu ni yako. Ukiiachia, usije kunililia." Akamkabidhi Bwana Petro mfuko.

Nikampelekea Kabula salamu nyingine: vumilia mwaka mmoja. Tukaendelea kutoa mwezi kwa mwezi, na tukipita mbele ya ile benki tulikwenda kwa madaha kama wenye nayo. Haba na haba hujaza kibaba, tuliambiana. Hakuna aliyeuliza kibaba cha nani.

Mwaka haujatimia, Bwana Petro akashikwa na homa. Haikumchukua hata juma moja, akafa. Matanga hayajaanuliwa, ndugu zake wakafika kutoka Kaliua, na benki ikawaambia kilichoandikwa: mwenye fedha ni marehemu. Tukaenda barazani kudai. Mdogo wake marehemu akasimama, akauliza kwa sauti ya kusikika uwanja mzima:

"Hawa wake za watu walikuwa wakimpa kaka yangu fedha kila mwezi. Kwa sababu gani?"

Watu wakaangua kicheko. Na waume zetu wapo pale wamesimama. Wenzangu, mmoja baada ya mwingine, wakajifunika khanga wakasema hawajui habari za upatu. Tukabaki mimi na Bi Nyamizi. Mzee wa baraza akasema mali bila daftari huisha bila habari, kesi ikafungwa. Hakuna aliyeiba, mwanangu, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Mwizi ningemlaani nikapumua.

Nilipanda treni kwenda Tura. Kabula alikuwa kituoni, amekuja na kifurushi chake cha nguo, maana alihesabu mwaka unakwisha na alidhani nimekuja kumchukua. Nilimweleza yote. Hakulia.

"Dada, siku ile ya zamu yako, fedha ilikuwa mbele yako?"

"Ilikuwa mbele yangu."

Akafungua kifurushi, akanipa khanga aliyoniwekea zawadi, akakifunga tena, akarudi kwa mumewe.

Masika yaliyofuata tulimzika hukohuko Tura. Walisema homa. Mwili niliuosha mimi, najua nilichokiona. Bi Nyamizi alikuja mazikoni, akakaa nami mkekani. Heri angenitukana.

Sasa nisikilize. Sikukatazi benki. Nenda, lakini fungua kwa jina lako, na kitabu ukiweke wewe, hata kama mwenye kukusaidia ni malaika, kwa maana malaika naye ana ndugu Kaliua. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Jasho lako usimfiche mwenzio wa nyumbani mpaka siku ya kulidai ukaone haya. Na kubwa kuliko hayo: fedha ambayo kuna mtu anaingojea, hiyo si ya kuzaa. Zamu yako ikifika, pokea, upeleke siku hiyohiyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, husema wazee, na mimi nakuongezea kwamba tumbo linaloumia huwa si la yule anayesema ngoja.

Mungu akupe riziki yenye jina lako, mwanangu, na miguu ya kuiwahisha. Na wanaokungojea, uwakute wazima.